Siku Tulizopita Relini

Mahali ninapofua mashuka ya wageni, hapa Karatu mjini, kamba ya kuanikia imefungwa kwenye nguzo mbili za chuma ambazo hakuna anayezitilia maanani. Mimi nilizitambua siku ya kwanza tu. Ni vipande vya reli. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi nikizishika ili nikaze kamba, mkono unabaki na harufu ya kutu iliyolowa, harufu inayokaribia ile ya damu ya puani, na hapo hapo narudi kuwa mtoto wa darasa la pili, miguu mitupu, nimesimama juu ya taruma la reli nikijiuliza treni itafika saa ngapi.

Najua unachotaka kusema. Karatu hakuna treni. Hata mimi nimeshaambiwa sana, tena kwa kuchekwa. Lakini reli tulikuwa nayo. Ilikuwa ndogo, ya matoroli, ya shamba la kahawa la mzungu mmoja aliyeondoka kabla baba yangu hajazaliwa. Vibarua walikuwa wakisukuma kahawa mbivu juu ya reli ile, wakiambaa ubavu wa mlima hadi kwenye mashine ya kumenyea, kando ya mto unaotoka msitu wa Ngorongoro. Mzungu akaondoka, mashine ikafa, kahawa ikageuka kichaka, reli ikabaki. Watu wakawa wanaing'oa kidogo kidogo, huyu boriti ya zizi, yule kivuko cha mtaro. Kilichobaki kilikuwa tuta lenye nyasi, mataruma ya chuma yaliyozama nusu kwenye udongo mwekundu, na hapa na pale reli mbili zikienda pamoja mahali fulani.

Ule mwisho wake ndio ulionisumbua. Reli ilipita nyuma ya choo chetu, na sikuwahi kufika inakoishia.

Mwaka huo mama alikuwa mjamzito. Nilikuwa nimeahidiwa kwamba mtoto akizaliwa nitambeba mimi, kwa hiyo nilikuwa nikifanya mazoezi. Nilifunga boga mgongoni kwa kanga nikazunguka nalo uani nikilibembeleza, mpaka siku lilipochomoka likapasuka mlangoni, na Ama, bibi yangu mzaa baba, akasema, "Sasa huyo umeshamuua, tumpike." Tulicheka sana siku ile. Mama alicheka akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili.

Baba hakuwepo. Alikuwa Wasso, akijenga nyumba za watu. Basi la kwenda huko lilikuwa likimeza siku nzima ya vumbi, na baba akienda tulikaa hata miezi mitatu bila kumwona.

Sasa, asubuhi moja ya likizo niliamka nikasikia nyumba imenyamaza kwa namna nisiyoijua. Nilichungulia mlangoni. Kulikuwa na ukungu ule wa mwezi wa sita, unaoshuka kutoka kreta ya Ngorongoro na kulala juu ya mbaazi. Nilimwona Ama akipanda kwenye tuta la reli, jembe begani, kikapu mkononi. Kikapu kilikuwa kimefunikwa kitenge cha njano, kile ambacho mama alikuwa amekiweka kabatini kwa ajili ya mtoto. Alikibeba kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai. Akaingia kwenye ukungu.

Aliporudi jua lilikuwa limeshatoka. Jembe lilikuwa begani. Kikapu kilikuwa kitupu, hata kitenge hakikuwemo.

Nikaingia chumbani kwa mama. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Tumbo lilikuwa limepungua. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, nikadhani ni jasho, nikaanza kumpepea kwa kifuniko cha sufuria. Hakugeuka. Alisema tu, "Acha, mama," kwa sauti ndogo.

"Ama, mtoto yuko wapi?" niliuliza jikoni.

"Mtoto gani?"

"Wa mama."

Ama alichochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Sikiliza, Martina. Kuanzia leo huendi kwa kina Paskalina. Huchoti maji kwenye chemchemi ya watu. Mtu akikunyooshea mkono, usimpe wako. Mbuzi wetu wasichanganyike na wa mtu. Na hiyo barabara tunaiacha. Tutapita relini."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Uliyekulia kwetu, kwa Wairaqw, umeshaelewa. Tulikuwa metimani. Nyumba iliyopatwa na aina ile ya msiba hukaa kando ya wengine mpaka siku zake zitimie. Watu hawaji kwenu, nanyi hamwendi kwao. Siyo chuki. Ni namna ya kuufungia msiba ndani ili usiwafikie majirani. Siku hizi wengi wameacha, na hata wakati huo kulikuwa na watu kanisani waliosema haina haja, ila Ama alikuwa na rozari mkono mmoja na mila mkono mwingine, na hakuona kama mikono hiyo inagombana. Reli ilitufaa kwa sababu haikuwa njia ya mtu. Tulipita juu ya tuta kwenda kuchota maji kwenye dimbwi la mbali, Ama mbele, mimi nyuma, ndoo kichwani, na tukimwona mtu kwa chini barabarani, alisimama mpaka tupite. Wengine waliinamisha kichwa. Mimi niliwapungia mkono. Niliona kama vile tumekuwa wageni rasmi.

Lakini hakuna aliyenieleza chochote, na mtoto asipoelezwa hujieleza mwenyewe. Mimi nilijieleza hivi.

Kwenye kitabu chetu cha kusomea cha darasa la pili kulikuwa na picha ya treni kituoni. Mama mmoja kwenye picha alikuwa akimpokea mtoto mchanga kupitia dirishani, mtoto amefungwa kwenye nguo kama kifurushi. Niliitazama picha ile mpaka ukurasa ukalegea. Basi hesabu ilikuwa rahisi. Ama alikwenda na kikapu relini, akarudi na kikapu kitupu. Kwa hiyo amempandisha mtoto kwenye treni. Kwenda wapi? Wasso, kwa baba. Si basi lina vumbi, mtoto mchanga atakohoa. Na mama hakuulizwa, ndiyo maana amenuna ukutani. Majirani nao wametukasirikia kwa sababu tumempeleka mtoto mbali kabla hawajamwona. Jembe halikunisumbua hata kidogo. Ama hakuwahi kwenda popote bila jembe, hata kwa padri angekwenda nalo.

Kila kitu kiliingia mahali pake, isipokuwa mama. Mama hakula. Ama alimwekea uji, ukaganda. Alimwekea maziwa mgando, nzi wakayala wao. Siku ya tano, au ya sita, nilimsikia Ama akinong'ona peke yake nje, kwa Kiiraqw, kwamba huyu naye atatuondokea. Hilo nililielewa, na likanitia hofu ambayo sikuwa nimewahi kuijua. Nikaamua. Kama mtoto aliondoka kwa reli, basi kwa reli hiyo hiyo atarudi, na wa kumrudisha ni mimi. Akirudi, mama atageuka kutoka ukutani, na sisi tutarudi barabarani kama watu wengine.

Nikachukua kanga ya kumbebea. Nikajaza maziwa ya mbuzi kwenye chupa ya maji, ile ambayo watalii huitupa njiani wakielekea geti la hifadhi. Ama alipokwenda kwenye mbaazi, nikapanda kwenye tuta.

Mwanzo ulikuwa mzuri, niseme kweli. Mataruma yalikuwa na umbali usioendana na hatua zangu; moja moja yalikuwa karibu mno, mawili mawili mbali mno, ikabidi niruke kama chura. Mahali reli zilipobaki nilitembea juu ya chuma kwa kunyoosha mikono. Chuma kilikuwa baridi upande wa kivulini, moto upande wa jua. Nilipofika kwa mzee jirani yetu nikakuta reli imekatika, na kipande chake nikakiona kule chini kimekuwa boriti ya zizi la ng'ombe. Nilikasirika kabisa. Nikajiuliza treni inapita vipi hapa, nikajijibu kwamba pengine inaruka kama mimi.

"Wewe, Martina. Unaenda wapi na kanga?"

Alikuwa Paskalina, rafiki yangu, yuko ng'ambo ya mtaro unaoambaa na tuta, akichunga kondoo wao watatu. Nilitaka kumkimbilia, nikakumbuka, nikasimama.

"Mama amesema nisikusogelee," alisema.

"Hata mimi Ama amesema."

"Lakini hajasema nisiongee."

Hilo lilikuwa kweli, tukaona linatosha. Nikamweleza habari ya mtoto na treni ya Wasso. Alisikiliza huku akitafuna jani, akalitema.

"Treni haiji huku. Kaka yangu anasema mpaka uende Arusha, tena na huko ni ya mizigo."

"Kaka yako alipata ngapi mtihani?"

"Hayo hayahusu."

"Sasa reli ya nini kama hakuna treni? Mtu anajenga zizi bila ng'ombe?"

Alifikiri. "Sawa. Lakini mtoto wenu hakulia. Mama alisema. Alisema angelia tungemsikia mpaka kwetu."

"Ni mpole."

"Haya. Nitakusindikiza, ila mimi huku huku."

Tukatembea hivyo, yeye upande wake wa mtaro, mimi juu ya tuta, kondoo wakimfuata. Aliokota mapera mwitu akanirushia moja moja. Tuliamua kwamba kitu kilichopita hewani siyo kupeana. Sijui kama wazee wangekubali. Alinitania kwamba nikimkuta mtoto ana sura ya Ama nimwache huko huko. Nilicheka mpaka nikateleza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu tuanze kupita relini, na nakumbuka nilijihisi kama nimeiba.

Tulipokaribia msitu tuta liliingia kwenye mkato, kuta mbili za udongo mwekundu zenye mizizi inayoning'inia. Pale mbele, katikati ya reli, kulikuwa na mavi ya tembo. Mapya, bado yanatoa mvuke.

Paskalina alisimama. "Mimi naishia hapa. Kondoo wa baba hawa."

"Tembo ameshapita."

"Amepita kwenda, atapita kurudi." Kisha akaongeza kwa upole, "Turudi, Martina. Utamchukua kesho."

Kesho. Nilimfikiria mama na uji wake. Nikaruka mavi ya tembo, nikaingia kwenye mkato, na nilipogeuka Paskalina alikuwa anakimbia na kondoo wake bila kuniaga. Baadaye nilijua hakukimbia kwa uoga tu. Alikwenda kusimama nje ya ua wetu, mbali kama mila inavyotaka, akapiga kelele kwamba Martina amekwenda msituni.

Ndani ya mkato kulikuwa na giza la mchana. Mibuni, ile miti ya kahawa ya mzungu, ilikuwa imeota ovyo pande zote mbili, mirefu kuliko nyumba, na matunda yake mekundu yalikuwa yamedondoka juu ya mataruma. Nilipoyakanyaga yalitoa kitu chenye utelezi na harufu tamu iliyokaribia kuchacha. Toroli moja lilikuwa limepinduka pembeni, limeliwa na kutu mpaka unaona ng'ambo. Kumbe ndilo behewa, nikawaza, mbona dogo hivi. Nikalichungulia ndani. Mlikuwa na mjusi.

Halafu reli ikaisha.

Sijui nieleze vipi. Nilitarajia kituo, benchi, mtu mwenye kofia. Palikuwa na sakafu ya saruji iliyopasuka, matangi mawili makavu yenye majani, na mto ukipita chini kwa sauti ndogo. Reli mbili zilifika ukingoni mwa sakafu zikaingia kwenye udongo, basi. Nilizunguka nikatafuta zinatokea wapi upande wa pili. Hazikutokea. Nilipiga magoti nikafukua kwa vidole, nikidhani zimefunikwa tu. Nilikuta udongo na udongo tena.

Pembeni ya sakafu, chini ya mti mkubwa wa mbuni, palikuwa na tuta dogo la udongo mpya, lenye urefu kama wa kikapu, limezungushiwa na kufunikwa kwa matawi ya miiba. Nilifurahi kuliona, maana nilijua ni nini. Ama huweka miiba vile vile juu ya kitalu cha mboga ili mbuzi na kuku wasifukue. Nikawaza, kumbe kuna mtu analima huku, basi atakuja, nitamwuliza treni. Nikakaa pembeni ya kile kitalu nikangoja.

Nikangoja sana. Jua likahama kutoka magoti yangu hadi vidole vya miguu. Njaa ikauma. Nikajiambia nitaonja tu maziwa yasije yakawa yamechacha, mtoto akaharisha. Nikaonja. Nikaonja tena. Nilipoitazama chupa ilikuwa tupu, na hapo ndipo nilipolia.

Mama alinikuta hivyo. Sikusikia akija. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mwisho wa reli, peku, ameshika tawi la mbuni kwa mkono mmoja, anahema kwa mdomo. Gauni lilikuwa limelowa tena kifuani. Alikuwa hajatoka chumbani siku zote zile, na alikuwa ametembea njia nzima ile juu ya mataruma.

Nilidhani nitachapwa. Nikakiri haraka. "Mama, nimekunywa maziwa ya mtoto. Nilikuwa nimemletea. Treni imeshaondoka, na mimi nimeyamaliza."

Nikaona anajaribu kuelewa, akiitazama kanga, chupa, reli, mimi. Kisha macho yake yakahamia pembeni yangu, kwenye miiba. Yalibaki pale.

Leo najua kwamba hata yeye alikuwa hajaambiwa. Ama ndiye aliyempokea mtoto, ndiye aliyemfunga, ndiye aliyekwenda kumlaza, na mzazi hakuonyeshwa mahali. Kwetu ilionekana ni kumhurumia. Lakini siku ile sikujua lolote kati ya hayo. Niliona tu mama anashuka taratibu kama mtu anayekaa kwenye maji ya moto, mpaka akakaa chini, mimi na yeye, kile kitalu katikati.

"Njaa ilikuuma?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi hata mimi ningekunywa."

Hakulia kwa sauti. Alinyoosha mkono akarekebisha tawi moja lililoteleza, miiba ikamchoma, hakuuondoa mkono. Nikamsaidia. Nilitafuta tawi jingine kule kichakani nikaliburuta, tukaliweka juu, nikabana ncha zake kwa jiwe kama Ama alivyonifundisha. Nilimwambia mama huyu mwenye shamba amelima vizuri ila amesahau kumwagilia. Alisema, "Nyamaza kidogo, mama," lakini hakusema kwa ukali, akaniegemeza kwake, na tukakaa hivyo nikisikia moyo wake ukienda mbio, kisha ukitulia.

Tukarudi kwa reli. Nilimtangulia nikimwonyesha mataruma mabovu. Ama alikuwa kwenye tuta nyuma ya choo, jembe mkononi, uso umekauka.

"Mlifika mpaka wapi?" alimwuliza mama.

"Mwisho."

"Mzazi haendi kule. Siku hazijatimia."

"Basi nimeshakwenda, mama."

Nilingoja wagombane. Ama alishusha jembe, akalisimamisha chini, akaliegemea kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee. "Nilichagua mahali pa kivuli," alisema. Mama akaitikia kwa kichwa. Ndiyo yaliyosemwa, na sikuelewa hata nusu yake. Nilidhani wanazungumzia mboga.

Nilijua ukweli miaka mingi baadaye, tena siyo kwa kuambiwa. Nilikuwa msichana mkubwa, naweka miiba juu ya kitalu cha sukumawiki kwa shangazi yangu Endabash, na mikono ikasimama yenyewe. Shangazi akauliza kama nimechomwa. Nikasema ndiyo.

Lakini wakati ule bado nilikuwa na treni yangu. Nilimwambia mama kwamba kosa letu ni kuchelewa, kesho twende mapema. Akasema kesho atakwenda peke yake. Na kweli alikwenda, na kesho kutwa yake, na siku zote zilizobaki za metimani. Asubuhi aliamka, akala uji wake wote, akajifunga kanga, akapanda kwenye tuta, na mimi nikabaki na Ama tukichambua mbaazi. Sikuelewa kwa nini kila siku alirudi bila mtoto na bado uso wake ulikuwa unarudi kidogo kidogo kuwa wa mama niliyemjua. Kila jioni nilimkimbilia nyuma ya choo kumwuliza kama treni imefika. Alisema bado. Kisha aliosha udongo mikononi, akanyoosha mgongo, akaniuliza tumepika nini.